Kabla hujauma mutura, uliza ng'ombe alikula nini

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa mathree ya kurudi Dandora, nikuulize kitu kimoja. Ile mutura ya jioni pale steji, na lile ini ulilonunua bucha wikendi, ng'ombe wake alikuwa akila nini?

Mimi naishi Phase 4. Kila asubuhi naona ng'ombe wakipanda jaa la taka kama watu wanaoripoti kazini. Wanachakura maganda, karatasi za nailoni na vitu ambavyo hata mimi siwezi kuvitaja jina. Jioni wanashuka wameshiba. Mwisho wa safari yao ni kisu, na bucha ya mtaa haiulizi mtu maswali.

Sikuogopeshi bure. Mwaka 2007, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa letu. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango kinachokubalika. Ng'ombe naye anakula juu ya udongo huo huo, na risasi ikimwingia hujikusanya kwa ini, figo na mifupa. Ndiyo, lile ini lako.

Najua utasema wafukuzwe. Ni rahisi kusema. Mfugaji wa mtaani hana shamba, na nyasi hapa ziko wapi? Ukimfukuza leo, kesho atakuja alfajiri kabla hujaamka. Mimi nasema tumletee chakula kingine.

Na chakula kipo. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilipata kibarua cha kupakua machicha kwa mfugaji wa maziwa huko Kiambu. Machicha ni mabaki ya shayiri baada ya kiwanda cha bia kukamua utamu wake. Yanatoka hapo Ruaraka, pua na mdomo na sisi, halafu yanaenda kunenepesha ng'ombe wa wengine.

Siri yake si ngumu. Mtengenezaji wa pombe anataka wanga na sukari tu. Protini na nyuzinyuzi zinabaki. Ukikausha machicha, karibu robo yake ni protini. Marekani wanatengeneza ethanoli ya magari kwa mahindi, na karibu theluthi ya uzito wa mahindi hayo hurudi kama chakula cha mifugo, wakiwemo ng'ombe wa nyama. Hata molasi ya viwanda vyetu vya sukari, ile inayotengeneza ethanoli kule Muhoroni, mfugaji huinyunyiza kwa mabua makavu ya mahindi na ng'ombe anayafagia.

Lakini tusidanganyane. Machicha mabichi ni maji karibu robo tatu au zaidi, kwa hivyo huharibika kwa siku chache, na yakiota ukungu ni sumu. Lazima yashindiliwe kwa mapipa yasiyoingiza hewa, na ng'ombe ayale pamoja na nyasi au mabua. Wala hayaondoi risasi iliyoshaingia. Ng'ombe aliyezoea jaa akionja machicha kisha arudi jaani, hatujafanya kitu.

Kizuizi kikubwa ni bei, kwa sababu jaa ni bure. Hapo ndipo sisi vijana tunaingia. Watu kumi wakichanga, wakodishe lori, wajaze mapipa na kuuza kwa debe, mfugaji mdogo anaweza kumudu. Kaunti itupe kiwanja cha kuwekea tu, hatujaomba dunia.

Na wewe mla nyama una kazi yako. Mfugaji hatalipia debe la machicha kama ng'ombe wa jaa anauzwa bei ile ile. Kwa hivyo wikendi hii ukifika bucha, uliza ng'ombe ametoka wapi na alikula nini. Muuzaji akikuangalia kama umerukwa na akili, uliza tena.