Chanjo ya HPV huwalinda walinzi wa seli

KABLA seli ya mwili haijajigawa, husimamishwa katika vituo vya ukaguzi. Vinasaba vikionekana vimeharibika, protini iitwayo p53 huizuia hadi virekebishwe, au huiamuru ife.

Virusi vya HPV vya aina hatari, chanzo kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, huwashambulia walinzi hao. Protini ya virusi hivyo, E6, huiangamiza p53. Nyingine, E7, humlemaza mlinzi wa pili, Rb. Seli zenye kasoro huendelea kujigawa bila breki.

Ndiyo maana chanjo, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, huwalenga wasichana wadogo. Huzuia maambukizi, haitibu yaliyokwishaingia. Mzazi anayengoja binti akue huenda akachelewa.