Hamna au Simtu? Nikiingojea Odyssey Hapa Kurasini

Siku kumi baada ya Sabasaba, ulimwengu utakwenda sinema kutazama utenzi. Tarehe iliyotangazwa ni 17 Julai 2026. Filamu yenyewe ni The Odyssey, mwongozaji wake ni Christopher Nolan, na Odysseus ataigizwa na Matt Damon. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa kwamba Homer hakuandika riwaya. Alichoachiwa mlimwengu kwa jina lake ni tungo ya mistari zaidi ya 12,000, yenye mizani yake, na yenye sifa zinazorudi kila shujaa anapotajwa, kama mpiga ngoma anavyourudia mdundo. Ni utenzi kwa kila maana, isipokuwa hauna vina.

Zitakuwepo filamu nyingine. Mwaka 2026 una Spider-Man mpya, una Toy Story ya tano, na mwezi Desemba watarudi Avengers. Watoto wa mtaani kwetu wanazijua tarehe hizo kuliko wanavyoijua ratiba ya mitihani, nami nawatakia heri. Shauku yangu iko kwa yule baharia aliyepigana vita miaka 10, kisha akachukua miaka mingine 10 kurudi nyumbani. Mtu anayelala Kurasini, akisikia honi za meli zinazosubiri gati usiku kucha, hakioni kisa hicho kuwa cha mbali.

Bila shaka itafika Mlimani City kwa Kiingereza. Nitapanda daladala nitaitazama, na nitafurahi. Lakini naomba radhi kwa kusema kwamba onyesho ninalolingojea kwa hamu zaidi silo hilo. Nangojea lile litakalokuja majuma kadhaa baadaye, katika vibanda vya Temeke na katika simu za vijana, pale sauti ya mtafsiri itakapopanda juu ya sauti za waigizaji na kuanza kutueleza kwa Kiswahili nani ni nani.

Mimi sinema nilifundishwa na kibanda cha video cha Shimo la Udongo, kabla nyumba za huko hazijabomolewa kupisha mradi wa kituo cha biashara. Palikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja, na shuka jeusi dirishani. Ndani ya kiza kile tulimsikiliza Lufufu. Waliomsikia hawajamsahau. Hakuwa akitafsiri maneno tu, alikuwa akisimulia. Alituonya hatari kabla haijafika, alimsema mhusika aliyekosa adabu, alipachika methali mahali ambapo picha ilikuwa kimya, na kama jambo la huko ugenini halikueleweka alilitafutia jambo la hapa la kulifananisha nalo. Wasomi walimcheka. Nami nilipokuwa nikijifunza ualimu nilimcheka, kwa sababu nilifundishwa kwamba mfasiri mwema ni yule asiyeonekana.

Leo nasema tulikosea, na anayenipa hoja ni Homer mwenyewe. Ndani ya tungo yake yumo mghani kipofu, Demodocus, anayeletwa karamuni kwa wenyeji wa kisiwa kimoja, anakabidhiwa kinanda chake, na anaimba vita vya Troy mbele ya mgeni ambaye hajajitambulisha. Mgeni huyo ni Odysseus. Anafunika uso na kulia, kwani anaimbiwa habari zake mwenyewe. Hivyo ndivyo tungo zile zilivyoishi: kinywani mwa mtu aliyesimama mbele ya watu, akikoleza hapa na kupunguza pale kwa kadiri ya nyuso anazoziona. Ukumbi wa starehe wenye viti vya sponji uko mbali na asili hiyo. Kibanda cha mabenchi kiko karibu.

Kijana mmoja jirani yangu hufanya kazi hiyo ya kuingiza sauti. Jioni moja alinipigia hodi. "Shikamoo mwalimu. Kuna muvi inakuja ya Kigiriki, nimesikia wewe unaijua hadithi yake." Nikamwitikia, akaketi, nikamsimulia mpaka muadhini akaadhini isha. Tulikwama kwenye pango la Polyphemus, lile zimwi la jicho moja.

Ndugu malenga, hapa naomba mnivumilie, maana jambo hili limeninyima usingizi. Odysseus, akiwa amefungiwa pangoni, anamnywesha zimwi mvinyo na kumdanganya jina. Jina analolitoa, kwa Kigiriki, maana yake ni kwamba hakuna mtu. Zimwi likishatobolewa jicho linapiga mayowe, wenzake wanakuja nje ya pango na kuuliza nani anamuua, naye analitaja jina lile. Wanamjibu kwamba kama hakuna mtu anayemdhuru, basi hayo ni maradhi yatokayo kwa Mungu. Amwombe baba yake. Wanakwenda zao. Kisa chote kinaning'inia kwenye neno moja, na neno hilo halina budi kuwa jina na jibu kwa wakati mmoja.

Kijana hakufikiri hata dakika. "Hamna," alisema. "Anaitwa Hamna. Wakimuuliza nani anakuua, anajibu 'Hamna!' Wanaondoka wakimtukana."

Ni jibu zuri; lina wepesi wa barabarani, na nina hakika kibanda kitaanguka kwa kicheko. Mimi nikapendekeza "Simtu". Lina umbo la jina, unaweza kulisikia likiitwa shuleni asubuhi. Na zimwi likilia "Simtu ananiua!" wenzake watasikia kwamba anayemuua si binadamu, ndipo lile jibu lao la kumwelekeza kwenye dua linapopata maana. "Hamna" linabeba mzaha lakini linaiacha dua ikielea. "Simtu" linaishika dua, na pengine linaupunguza mzaha. Nilimweleza hayo kwa madaha ya ualimu. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mwalimu, ukiwaambia watu wa Temeke kwamba si mtu, hawatacheka. Wataanza kumtafuta mganga."

Sijapata jibu. Wala sijui kama Nolan atakitendea haki kisa hicho. Lakini niliona jambo ambalo semina zangu nyingi za lugha hazikunionyesha: kijana asiyewahi kuhesabu mizani alikuwa akilipima neno kwa uzito wake, kwa sauti yake na kwa watu watakaolisikia. Sisi tunaojiita washairi tulikuwa wapi alipokuwa akilifanya hilo peke yake, kila juma, kwa filamu baada ya filamu?

Najua pingamizi, na la kwanza ni zito. Kazi hii hufanywa bila idhini ya wenye filamu. Mimi ninayenung'unika nikiona shairi langu limesambazwa bila jina siwezi kulipuuza hilo, na sitajifanya kwamba mapenzi ya lugha yanahalalisha. Njia halali ipo, nayo imekwisha kupitwa: mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na mtaani kwetu watu waliijadili kana kwamba mkwe yule alikuwa wa Keko. Wenye haki na wenye lugha wanaweza kukaa meza moja. Kinachokosekana ni washairi kuonekana mezani hapo.

Pingamizi la pili, kwamba Kiswahili cha vibandani ni cha ovyo, silikubali. Cha ovyo zaidi nimekisikia katika filamu zilizotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Miaka kadhaa iliyopita mtayarishaji mmoja aliniomba nimtengenezee mazungumzo ya filamu yake. Nilimwandikia mama anayemuaga mwanawe kwa mafumbo, kama mama zetu wanavyoaga. Filamu ilipotoka, mama yule alikuwa akisema "nakupenda sana mwanangu" mara tatu, kwa muziki wa kinanda. Niliambiwa kwamba Kiswahili changu kilikuwa kigumu. Hakuna mama wa Kurasini aliyewahi kukiona kigumu.

Ajabu ni kwamba wenyewe tuna mifano. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza kwa Kiswahili katika Muhogo Mchungu, huko nyuma kwenye miaka ya 1950. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, nayo ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Aliyeiona hakulalamika kwamba Kiswahili cha Unguja kilimshinda.

Ndiyo maana nikimfikiria Odysseus namfikiria Fumo Liyongo. Wote wawili ni mabingwa wa upinde. Wote ni watunzi wa hila. Liyongo kifungoni anampa kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo aupeleke kwa mama yake. Mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani, kwa kuwa walinzi watakula vizuri na kuudharau wa makapi. Usiku wa gungu, wimbo na ngoma zinafunika sauti ya tupa ikila chuma. Mwongozaji gani wa filamu angetamani onyesho bora kuliko hilo, ambapo muziki wenyewe ndio unaokata mnyororo? Kisha tofauti inayoniuma: Telemachus anasimama ubavuni mwa baba yake siku ya upinde, ilhali mwana wa Liyongo anahongwa ahadi ya ndoa na kumchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, na watu wa mji wanakaa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji. Muhamadi Kijumwa aliyaandika haya yote kwa utenzi mwaka 1913. Muswada wa filamu umekwisha pangwa, onyesho baada ya onyesho. Unangoja mtu wa kuusoma kwa jicho la kamera.

Nimemsimulia kijana hicho nacho. Alinyamaza pale kisimani, akauliza kama mama alikuja. Nikamwambia alikuja, akambembeleza mwanawe kwa nyimbo, akidhani yu hai. Aliomba nirudie.

Tumekubaliana. Julai, Mungu akijalia, tutakwenda pamoja Mlimani City; nauli yake, tiketi zangu. Atabeba daftari, nami nitabeba miwani. Jina la zimwi kudanganywa bado hatujapatana, na kama yupo malenga mwenye neno la tatu, alilete kabla ya Sabasaba.