Sie wenyeji, tupunguzie: Uzanzibari wa bei

Kila inapokaribia likizo ndefu, gurupu letu la WhatsApp linaamka. Mmoja anataka Salalah, mwengine Georgia, na mwisho wa siku sote tunakubaliana Zanzibar: ndege ya moja kwa moja, chakula tunachokijua, lugha ya nyumbani. Na kila mwaka ugomvi ni ule ule. Si wa hoteli wala tarehe, ni wa bei ya boti. Kuna sentensi moja inayotoka kila safari, hata kwa wale ambao Kiswahili chao kimebaki cha kuombea chai: "Sie wenyeji bwana, tupunguzie."

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonikasirikia kwenye kipindi kijacho: ndani ya boti sie ni wageni. Tulipe kama wageni. Uzanzibari wetu, kama tunao, tuuoneshe kwengine.

Safari yetu ya mwisho tulikuwa watu 11, wote wa rika letu, wengi wetu tumekulia hapa Madinat Sultan Qaboos na mitaa ya jirani. Wahandisi, mhasibu, madaktari wawili, mwalimu. Tulikodi boti upande wa Matemwe kwenda kuogelea na miwani na mrija pembezoni mwa kisiwa cha Mnemba. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hushuki kama si mgeni wao, lakini mwamba unaokizunguka ndio watu wanaoufuata. Mwenzetu mmoja alipigania bei kwa robo saa nzima kwa lafudhi ya bibi yake. Nahodha, kijana wa miaka ishirini na kitu, akacheka: "Karibuni nyumbani. Lakini petroli ya nyumbani nayo inanunuliwa."

Tuliangalie hilo jibu kwa akili zetu za ofisini. Bei ya boti ina nini ndani yake? Petroli, mabaharia wawili watatu, miwani na mapezi ya kukodi, matunda, ada ya hifadhi ya bahari, na mara nyingi fungu la papasi aliyekuokota ufukweni. Mwenye boti hawezi kuipunguza petroli. Anachoweza kupunguza ni muda na uangalifu. Badala ya kungoja maji yawe mazuri, anakupeleka saa yoyote ili awahi safari ya pili. Badala ya kutafuta boya la kufungia, anatupa nanga juu ya matumbawe. Na ili uondoke umeridhika na picha, anawakimbiza pomboo pamoja na boti nyengine kumi mpaka wanyama wanazama kwa kuchoka. Punguzo tulilolipata limelipwa, ila si na sisi. Limelipwa na mwamba.

Na mwamba wenyewe hauna cha akiba. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana huku kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza wimbi jengine la matumbawe kupauka duniani kote. Tumbawe lililovunjwa na nanga leo halitarudi kabla watoto wetu hawajamaliza skuli.

Sasa linganisheni na tunavyofanya hapa Oman. Visiwa vya Daymaniyat viko karibu, unapanda boti Seeb au Barka. Ni visiwa tisa, hifadhi tangu 1996, na ng'amba wanataga mayai huko. Unalipia kibali, na kuanzia Mei mpaka Oktoba hukanyagi nchi kavu. Hakuna hata mmoja kati yetu, na hapa ndio tuna pasipoti, aliyewahi kumwambia mlinzi "sie wenyeji, tupunguzie." Tunalipa, tunatii, tunarudi na picha. Kwa nini heshima tunayowapa kasa wa Oman tuwanyime wa Unguja? Mie nadhani jibu tunalijua: kule tunajiona wakubwa. Riyali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, na bado tunabishania shilingi.

Kuna hoja nzito zaidi, na siipuuzi. Wapo wenzetu ambao familia zao ziliacha nyumba na mashamba 1964, na wengine waliacha watu. Mmoja aliniambia waziwazi: "Walichukua nyumba ya babu, wewe unaniambia nilipe bei ya mzungu?" Uchungu huo ni wa kweli. Tumeukuta mezani tangu watoto, mara nyingi kwa wazee kunyamaza kuliko kusema. Lakini kijana aliyeshika usukani Matemwe hakuchukua nyumba ya mtu. Huenda hata baba yake alikuwa hajazaliwa. Kumtoza yeye deni la historia, dola tano tano, si haki, na wala babu hatapata kitu humo.

Kisha kuna Chumbe. Kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, mnara wa taa wa 1904, nyumba saba tu za wageni zinazokinga maji ya mvua. Mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo. Huko hakuna mitungi ya hewa, ni miwani na mrija tu, na watu wachache kwa siku. Gurupu letu likasema ghali, pa wazungu. Lakini mapato ya wageni hao ndiyo yanayowapeleka wanafunzi wa skuli za Zanzibar kuuona mwamba wao wenyewe. Hapo ukilipa bei kamili unajua imekwenda wapi.

Basi Uzanzibari wetu una kazi gani? Una kazi kubwa. Mtalii wa kawaida hawezi kuzungumza na nahodha zaidi ya "hakuna matata." Sie tunaweza kumuuliza bamvua ni lini na maji yanajaa saa ngapi. Tunaweza kumwambia kwa lugha yake, kwa upole: kaka, pomboo waache, wakija wenyewe sawa, pesa yako iko pale pale. Ombi hilo likitoka kwa mteja aliyelipa kamili lina uzito. Likitoka kwa aliyekata bei nusu, ni kelele.

Na tuna watoto. Wa kwangu Kiarabu na Kiingereza wanavijua, Kiswahili wanakisikia kwa bibi tu. Kule baharini mwanangu alijifunza pweza, ng'amba, mkondo na kupwa kwa asubuhi moja, kutoka kwa mtu anayeishi kwa maneno hayo. Hayo ndiyo mafunzo ambayo mie siwezi kumpa nyumbani, na nayalipia kwa moyo mweupe.

Kwa safari ijayo napendekeza mambo matatu. Tulipe bei iliyotajwa ikiwa ni ya haki, na tuulize kabla ya kuondoka kama boti ina maboya ya kuokolea na itafungwa wapi. Hakuna kukimbiza pomboo, hata gurupu likinuna. Na siku moja kamili iwe ya jamaa: halwa mkononi, kuwasalimia wazee wetu waliobaki Ng'ambo na mashamba, bila kutazama saa. Huko ndiko pa kusema "sie wenyeji," na huko hakuna atakayetutaka tuthibitishe.

Anayepinga aje kwenye kipindi, tubishane. Ila aje na hoja, asije na bei.