Hadithi za Wenye Tamaa: Jawabu kwa Mwanafunzi Wetu



Katika darasa la jioni tulikuwa tukizungumzia vitabu vya hadithi, na kijana mmoja wa darasa la juu akanyosha mkono akauliza: "Ustadh, mbona katika hadithi anayetafuta mali huishia vibaya? Si zimetungwa na matajiri ili sisi maskini tukae kimya?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, na ukweli ni kwamba siku ile hatukuwa na jawabu la kumpa. Tuliahidi kumjibu humu jaridani.

Kwanza tumpe haki yake. Zipo hadithi nyepesi ambazo tajiri ni mbaya kwa kuwa ni tajiri tu, na maskini ni mwema kwa kuwa hana kitu. Hizo anayezitilia shaka hakukosea. Umaskini peke yake si uchamungu, na mtu mwenye mtoto mgonjwa na nyumba inayovuja, ukimwambia kuwa fedha hazileti furaha, umemkejeli.

Lakini tuzitazame zile nzuri, tuone nani hasa anayeumia ndani yake.

Wengi wenu mmesoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Je, Adili ni maskini? Hata kidogo. Ana mali na ana cheo cha utawala, na hakuna mahali mwandishi anapomlaumu kwa hayo. Wanaogeuzwa manyani ni nduguze, Hasidi na Mwivu, ambao walirithi kama yeye, wakapoteza, na yeye akawagawia tena katika chake. Walikuwa wameshiba walipomtosa ndugu yao baharini. Kilichowauma ni kwamba Adili alikuwa na zaidi. Basi hapo mali haina kosa. Kosa ni jicho linalohesabu cha mwenzio.

Na tukitoka hapo twende kwenye Alfu Lela Ulela, kwa Baba Abdalla kipofu wa Baghdad. Huyu alikuwa na ngamia 80, mtu wa kutosha kabisa. Akakutana na darweshi anayejua palipofichwa hazina, wakakubaliana: ngamia wakishapakiwa, kila mmoja achukue 40. Wakagawana vizuri. Hatua chache tu njiani, Baba Abdalla akarudi: darweshi wewe ni mtu wa ibada, ngamia 40 utawaongozaje? Nipe 10. Akapewa. Akarudi tena kwa wengine 10, na tena, mpaka wote 80 wakawa wake. Bado akakumbuka kuwa darweshi amechukua kijikopo cha dawa, akakitaka nacho. Dawa ile ikipakwa jicho la kushoto mtu huziona hazina zote za ardhini. Ikipakwa la kulia, hupofuka macho yote mawili. Aliambiwa hivyo waziwazi. Hakuamini, akadhani anafichwa kitu kikubwa zaidi, akalazimisha apakwe.

Sasa, ewe kijana uliyeuliza, tazama jambo hili: alipopofuka, ngamia wote 80 wenye shehena walikuwa wamesimama mbele yake. Hadithi hii haimwambii maskini atulie. Inasema na yule ambaye tayari anacho.

Mrusi Tolstoy naye aliandika mwaka 1886 habari za mkulima aitwaye Pahom. Watu hukumbuka mwisho wake tu: wenyeji wa nyikani, Wabashkiri, wakamwambia kwa rubo 1,000 atapata ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kwa siku moja, sharti awe amerudi alipoanzia kabla jua halijatua. Akazunguka mno, akarudi mbio, akafika, akaanguka akafa. Kaburi lake lilichukua arshini tatu, yaani mita mbili na kidogo.

Sisi hutuchoma zaidi sehemu ya mwanzo, ambayo wasomaji huipita haraka. Pahom alipokuwa na kishamba kidogo, msimamizi wa shamba la jirani alikuwa akimtoza faini kila mnyama wake akipotea njia, naye akaumia sana. Alipopata ardhi yake, je, alifanya nini? Akaanza kuwatoza faini jirani zake kwa ng'ombe wao. Alikuwa bado mzima wa afya, ana shamba zuri, na hakuna jirani aliyempenda tena. Kifo kilikuja baadaye.

Cheo nacho hivyo hivyo. Katika Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 1980, Bwana Maksuudi ana jina kubwa mjini, na kwa kulinda heshima hiyo anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Nyumba ile ikavunjika, na binti akafika mahali ambapo hatutapataja katika jarida la madrasa. Maksuudi mwisho anawaendea aliowadhulumu kuomba radhi. Watoto ndio waliolipa deni la jina la baba yao, na hawakuulizwa.

Tusijifanye haya ni ya wengine. Sisi wenyewe tulipopata diploma, jambo la kwanza tulilouliza ni nani katika wenzetu amepangiwa mahali penye posho kubwa. Mwaka mzima tulifundisha tukimfikiria yeye, na wanafunzi wa mwaka ule, tukikutana nao leo, hatukumbuki majina yao.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: tafuteni, fanyeni biashara, someni mpate kazi, hakuna kitabu kati ya hivi kinachowakataza. Ila wewe uliyeuliza, ulipoazima Adili na Nduguze ulikuwa umefika pale nduguze wanapanda chombo. Nakala ya madrasa ni moja tu na jalada lake limechanika. Imalize, urudishe Alhamisi baada ya alasiri, kwani wenzako watatu wanaingojea.