Nyavu za ukungu: mwenye mtaji apime kwanza

BIASHARA ya maji katika Upare Kusini haikosi wateja. Kihurio, kwenye barabara ya Same kwenda Mkomazi kupitia Ndungu, ni nchi ya mpunga na mahindi inayotegemea maji yanayoshuka kutoka mlimani. Ndiyo maana zinaposikika habari za nyuzi maalumu zinazokamua maji kwenye ukungu, wenye mitaji midogo hutega sikio. Wasikilize, lakini fedha zibaki mfukoni mpaka vipimo vitoke.

Nyavu hizo hazina miujiza. Kitambaa cha plastiki chenye matundu husimamishwa kwenye nguzo kikikabili upepo. Ukungu ukipita, vitone hunasa kwenye nyuzi, huungana, huteremka hadi kwenye mfereji na kuingia tangini. Pasipo ukungu unaosukumwa na upepo hakuna mavuno. Kihurio iko bondeni. Ukungu uko juu, upande wa msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462.

Hesabu ya Chile inafundisha. Kijiji cha Chungungo kilianza kupata maji ya bomba kutoka nyavu za mlima El Tofo mwaka 1992. Kila wavu ulikuwa na mita za mraba 48, na wastani wa mavuno ulikuwa lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku. Wavu mmoja basi ni lita 144, yaani ndoo saba za lita 20. Ekari moja ya mpunga, kuijaza maji kina cha sentimita moja tu, hutaka lita 40,000: kazi ya wavu mmoja kwa siku 278.

Kwa hiyo anayemwuzia mkulima wa Kihurio wavu kwa ajili ya shamba anamwuzia hasara. Soko la haki ni shule, zahanati na kaya za vijiji vya juu vilivyo mbali na chemchemi.

Je, nyuzi mpya hazibadili hesabu? Mwaka 2013 watafiti wa MIT ya Marekani na wenzao wa Chile walionyesha kuwa wavu wa nyuzi nyembamba uliopakwa dawa maalumu waweza kunasa asilimia 10 ya maji ya ukungu, badala ya 2. Ni hatua kubwa, lakini haikuwa uzi iliyowashinda Chungungo. Upepo ulichana nyavu, matengenezo yakalegea, na mradi ukafa.

Hapo ndipo fedha zinapopotea, na ndipo faida ilipo. Mwenye busara aanze na wavu wa mita moja ya mraba, aandike lita za kila siku kwa mwaka mzima, kisha aulize nani atalipia ukarabati. Wavu hununuliwa mara moja. Fundi huhitajika kila msimu.