Askari ni mtoto wetu, vita si chaguo letu



Katika kikao kimoja cha vijana hapa Cimpunda, binti mmoja alitunyamazisha kwa swali. Kaka yake ni askari wa FARDC, yuko vitani Kivu ya Kaskazini. «Baba katekista,» akauliza, «mkisema vita hii isipanuliwe, je, si kumwacha kaka yangu peke yake?» Siku ile hatukumjibu vema. Leo tunajaribu.

Tuanze na uamuzi wenyewe. Tarehe 18 Desemba 2023, mwishoni mwa kampeni ya uchaguzi, Rais Félix Tshisekedi aliutangazia umati mjini Kinshasa kwamba, Rwanda ikiendelea na uchokozi, ataliomba Bunge ruhusa ya kutangaza vita, na majeshi yetu yatakwenda hadi Kigali. Umati ulishangilia. Sisi ambao mpaka wetu ni mto Ruzizi hatukuweza kushangilia, kwani vita hiyo ingetupitia sisi kwanza.

Hatusemi kwamba nchi isijitetee. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23, na watu wanaofukuzwa makwao wana haki ya kulindwa. Lakini kuwalinda watu wa Masisi ni jambo moja, kuushambulia mji wa Kigali ni jingine. Kabla ya silaha kushikwa, Kanisa linafundisha kwamba njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, tumaini la kufaulu liwe la kweli, na maovu ya vita yasizidi ovu linalokusudiwa kuondolewa. Kwa maoni yetu masharti hayo hayajatimia. Mazungumzo ya Luanda yalizaa usimamishaji wa mapigano ulioanza 4 Agosti 2024. Hata kama ulikuwa dhaifu na haukudumu, ulionyesha kwamba mlango wa mazungumzo unaweza kufunguliwa. Tena, Bunagana ilitekwa Juni 2022 na haijarudishwa. Jeshi ambalo halijaweza kufika Bunagana litaambiwaje liende Kigali? Mwenye kulipa deni la maneno hayo si aliyeyasema jukwaani, bali ni kaka ya binti yetu.

Na kaka huyo hakuamua vita. Kambi Saio ya hapa Bukavu ina jina la mahali nchini Ethiopia, ambako mwaka 1941 askari Wakongo wa Force Publique waliwashinda Waitalia. Walipigana kwa ushujaa katika vita ambayo hakuna aliyewauliza kama wanaitaka. Tunaweza kuheshimu ushujaa wao bila kuwasifu wakoloni waliowatuma. Ndivyo ilivyo hata leo. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais aliwaita vijana wajiandikishe jeshini. Wengine waliitika kwa mapendo ya nchi, wengine kwa kukosa kazi. Wote ni watoto wetu.

Anayempenda askari huangalia anavyotendewa. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo, lililokuwapo tangu 2003. Mwezi Mei mahakama ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo askari wanane kwa kosa la woga mbele ya adui. Julai, huko Lubero, wakafuata wengine 25. Wengi wa wale walioishangilia vita walinyamaza hapo. Lakini kabla ya kumwita mtu mwoga, inafaa kuuliza kama alipata chakula, risasi na mshahara wake, na kama mkubwa wake hakumtangulia kukimbia.

Mtatukumbusha Minova, na mna haki. Mwishoni mwa 2012 askari wetu waliokimbia kutoka Goma walibaka wanawake na kupora nyumba. Kumtegemeza askari si kufunika dhambi yake. Yohane Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomwendea: aliwakataza kunyang'anya, akawataka watosheke na mshahara wao. Neno hilo linamdai askari, nalo linaidai serikali pia, maana hakuna atoshekaye na mshahara usiofika.

Basi, tufanye nini? Katika sala ya waamini tuwaombee askari, na palepale tuwaombee wakubwa wachague mazungumzo. Katika mashirika yetu tuwatembelee wajane na mayatima wa askari. Na tusisahau kwamba Katiba, katika kifungu cha 143, inamzuia Rais kutangaza vita bila idhini ya Bunge la Taifa na Seneti. Wabunge wetu wanaomba kura zetu. Tuwaambie mapema kwamba idhini hiyo hatuitaki.

Binti yetu, hatujamwacha kaka yako. Tunaikataa safari ya Kigali kwa sababu tunataka arudi nyumbani akiwa hai, mikono yake ikiwa safi, na mshahara wake ukiwa umelipwa.