Usiuze safari ambayo hujawahi kwenda

Leo nina jambo la sisi wote tunaouza mtandaoni vitu ambavyo mikono yetu haijawahi kuvigusa. Ni refu kidogo, lakini mimi lilinigharimu laki tatu na nusu. Wewe unalipata bure.

Kazi yangu ni madera na mikoba ya ufukweni, nauzia Dar. Wateja wangu wengi wananunua wakiwa na safari ya Zanzibar. Akishalipia mzigo anauliza: "Dada, huna mtu wa boti huko?" "Dada, unawajua wanaokodisha jet ski?" Mwanzoni nilikuwa natoa namba bure. Mwaka jana nikasema hapana, hii nayo ni biashara. Nikaongea na jamaa mmoja Unguja, akanipa bei yake, nikaweka cha juu changu elfu 40, nikaanza kuposti. Ziara ya jet ski kuzunguka visiwa vya mbele ya Mji Mkongwe, mnaongozwa, mnapita Changuu, mnapita Bawe, mnamalizia fungu la mchanga la Nakupenda. Kila siku saa tisa alasiri.

Picha niliichukua kwenye ukurasa wa mtu. Mchanga mweupe, maji ya buluu, jet ski mbili zimeegeshwa. Ile posti ilipendwa kuliko dera lolote nililowahi kuweka.

Wateja wa mwanzo walienda, wakarudi kimya. Mimi ule ukimya nikauhesabu kuwa ni sifa. Kumbe mtu asiporidhika mara nyingi hasemi, anaondoka tu.

Halafu wakaja maharusi. Walilipa laki tatu na nusu kwa jet ski moja, watu wawili. Yaliyowakuta nilikuja kuyasikia usiku kwenye sauti ya dakika saba aliyonitumia bibi harusi.

Pale ufukweni walipewa majaketi ya kuokolea, wakaonyeshwa pa kubonyeza, wakaambiwa, "Nifuateni." Basi. Mwongozaji akatangulia na chombo chake. Katikati ya njia bwana harusi akaona boti mbele yake. Akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: akaachia mafuta na kukata kona. Chombo hakikukata kona. Kikaenda moja kwa moja, wakaikosa ile boti kidogo sana, mawimbi yake yakawatupa wote wawili majini. Kamba ya kuzima injini, ile ambayo dereva anatakiwa aifunge mkononi, ilikuwa inaning'inia tu. Kwa hiyo injini haikuzima. Chombo kikawa kinasogea taratibu mbele yao, bwana anakifukuza kwa kuogelea, bibi harusi asiyejua kuogelea amebaki nyuma peke yake na jaketi lake. Mwongozaji alikuwa mbali, hakuwa ameangalia nyuma. Alipokuja kugundua, dada wa watu alishalia mpaka sauti imekauka.

Na walipofika Nakupenda hakukuwa na mchanga. Maji matupu.

Mwisho wa ile sauti aliniuliza swali moja: "Dada, wewe ulishawahi kwenda huko?"

Sikuwa na la kujibu. Kesho yake nikarudisha laki tatu na nusu yote. Yule jamaa wa Unguja alikataa kurudisha hata senti, akasema wateja walipanda, chombo kilitumika, mafuta yaliungua. Kwa hiyo nilitoa kwenye hela ya mzigo mpya wa madera. Mwezi ule sikufungua mzigo.

Nilipowasimulia wenzangu kwenye grupu letu, wengi walinicheka. "Wewe ni dalali tu, ungemwambia aongee na mwenye chombo." Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wetu, na nitalisema wazi. Mteja hamjui mwenye chombo. Anaijua namba yako, anaijua sura yako ya kwenye profaili, muamala umesoma kwenye simu yako. Aliyepokea hela ndiye muuzaji. Ukitaka kuwa dalali asiyewajibika, toa namba bure kama nilivyokuwa natoa zamani. Ukishaweka cha juu, umenunua na lawama.

Baada ya miezi miwili nikapanda boti ya Dar kwenda Unguja kwa hela yangu. Nikatafuta watu wengine kabisa, wenye leseni ya Kamisheni ya Utalii, nikalipa kama mteja. Sikusema mimi ni nani. Nilitaka kuona kitu nilichokuwa nakiuza.

Cha kwanza nilichokutana nacho ni saa. Niliomba saa tisa, kama posti yangu ilivyosema. Mwongozaji akacheka kidogo, akatoa jedwali la maji kwenye simu. "Dada, kesho bamvua. Saa tisa Nakupenda haipo, imelala chini ya maji. Njoo saa mbili asubuhi, saa nne maji yatakuwa yamepwa, utaukuta mchanga wako." Akanieleza kwamba maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Yaani leo ukikuta mchanga saa nne, baada ya wiki saa hiyohiyo hali ni nyingine kabisa. Nikaikumbuka posti yangu: "Kila siku saa tisa alasiri." Mtu yeyote wa pwani akiisoma anajua huyu muuzaji hajawahi kufika. Nilijianika mwenyewe na nikalipia tangazo.

Cha pili ni nguo. Nilikwenda na dera, tena lile ninalouza, ambalo kwenye tangazo niliandika "linafaa hata kwa jet ski". Mwongozaji akaniangalia. "Dada, hilo vua. Hiki chombo kinanyonya maji kwa chini, pindo likiingia linavutwa." Bahati nilikuwa na taiti na fulana ndani. Lile tangazo nililifuta nikiwa palepale mchangani.

Cha tatu ni maelezo. Kabla sijagusa maji alinisimamisha kama dakika 20. Jet ski haina panga nje kama boti. Inavuta maji na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, na usukani unageuza ule mdomo wa nyuma yanapotokea maji. Ukiachia mafuta, hakuna maji yanayosukumwa, na usukani hauna cha kugeuza. "Ukitaka kukwepa kitu, geuza huku umeshika mafuta kidogo. Ukiachia tu, unakifuata." Nilisimama pale mwili umekufa ganzi. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokosekana siku ya maharusi. Haina gharama yoyote, na hakuna aliyewaambia.

Akanifunga kamba mkononi, akaivuta ili nisikie injini inavyozima. Akanionyesha stika ya nyuma yenye mshale wa upande wa kukipindulia chombo kikilala kichwa chini, maana ukikipindua upande usio wake injini inaweza kunywa maji. Kisha akanipeleka kwenye maji ya kifuani na kuniambia nijiangushe kwa makusudi, nipande tena kwa nyuma. Nikajaribu mara tatu. Ya tatu nikapanda mwenyewe.

Ndipo tukaondoka, polepole mpaka tukazipita boti zilizotia nanga, halafu akaniruhusu kuongeza. Jamani, ile raha siwezi kuwadanganya, ni kitu kingine. Lakini mimi nilikuwa naangalia shingo yake. Kila baada ya muda mfupi inageuka nyuma. Akinyoosha mkono juu, tunasimama. Akiushusha chini, tunapunguza. Tulipokaribia sehemu ya miamba akazunguka mbali, akaniambia maji yakipwa mwamba unakuwa karibu na hauonekani.

Tulipopita Chapwani akasimama akanisimulia kuhusu makaburi ya mabaharia wa HMS Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani hapohapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Changuu tukashuka. Lile jengo ambalo watu wanaita gereza lilijengwa miaka ya 1890, lakini halikufunga wafungwa, likageuzwa karantini ya wagonjwa. Wale kobe wakubwa asili yao ni Ushelisheli, waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Halafu Bawe, halafu Nakupenda. Saa nne kasoro. Mchanga ulikuwepo, mrefu na mweupe, kama kwenye ile picha ya wizi.

Nilikaa pale nikawaza. Bidhaa yangu ilikuwa na vitu vyote hivi ndani, na mimi nilikuwa nauza "maji ya buluu, bei poa, njoo inboksi". Sikuviandika kwa sababu sikujua kama vipo. Na hatari zake sikuzijua pia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi chema nilikigeuza kibaya kwa kukitembeza bila kukijua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye biashara ya ziara, kitu unachouza ni mwongozaji. Bahari ni ya Mungu, chombo mtu yeyote anaweza kukodisha. Tofauti kati ya siku nzuri na msiba ni yule mtu anayetangulia mbele, kama anageuka nyuma au hageuki. Na hilo huwezi kulijua kwa kutumiwa picha.

Najua mtakachosema, maana na mimi nilikisema. "Dada, mtaji wangu mdogo, siwezi kujaribu kila kitu ninachouza." Ni kweli. Basi usipoweza kwenda, uliza, na usiposti kabla hujapata majibu:

1. Mnatoa maelezo kabla ya kuondoka? Kwa muda gani? Mwambie akuelezee na wewe kwa simu, kama vile wewe ndiye mteja. Asiyeweza kukueleza wewe hatamweleza mteja wako.
2. Mwongozaji mmoja anaongoza vyombo vingapi?
3. Saa za kuondoka mnazipangaje? Akikutajia saa moja ya mwaka mzima, huyo haangalii maji.
4. Asiyejua kuogelea mnamfanyaje? Mtoto je?
5. Leseni iko wapi, na bahari ikichafuka hela ya mteja inarudi au inahamishiwa siku nyingine? Majibu haya yawe kwa maandishi.

Na picha nzuri weka, sikatai, biashara yetu ni macho. Ila iwe yako au umeomba ruhusa, na andika ilipigwa saa ngapi, maji yakiwa yamepwa au yamejaa.

Sasa nisiwadanganye kwamba baada ya hapo hela zilimiminika. Nilibadilisha mtu wa kufanya naye kazi, bei ikapanda mpaka laki nne na ishirini. Posti yangu mpya ina maelezo marefu: uvae nini, saa inabadilika kwa nini, utajifunza nini kabla ya kupanda. Waliopenda ni wachache kuliko zamani. Kabla ya hapo nilikuwa nauza ziara saba kwa mwezi, mwezi wa kwanza wa bei mpya niliuza tatu. Wa "mwisho shilingi ngapi" waliniacha wakaenda kwa wa bei rahisi, na wengine niliwakatalia mwenyewe kwa sababu siku zao maji hayakuwa sawa. Lakini sijarudisha hela ya mtu tena. Na wale watatu, wawili wamenitumia ndugu zao.

Yule bibi harusi hakununua tena kwangu. Nilimwandikia kumweleza kwamba nilikwenda, nimeona, na ile sentensi ya kuachia mafuta nimeielewa. Aliisoma, tiki mbili za buluu, hakujibu. Sina kinyongo naye. Mtu aliyeachwa peke yake baharini siku ya tatu ya ndoa yake hanidai jibu zuri, ananidai kwamba asitokee mwingine.

Hili si la wauza ziara tu. Wewe unayeuza mafuta ya uso ambayo hujawahi kupaka, wewe unayeposti viatu vya duka la mtu Kariakoo hujui soli yake inadumu muda gani, wewe unayechukua oda za keki kwa mpishi ambaye hujawahi kuonja kazi yake. Siku moja mteja atakuuliza lile swali niliyoulizwa mimi. Jiandae kulijibu kabla hujapokea hela yake.

Kwenye komenti niambie ukweli: ni bidhaa gani unaiuza na hujawahi kuijaribu? Hapa hatumcheki mtu, mimi nimeshaanza. Na kama una mwenzako anauza safari za visiwani, mtumie hii kabla hajaposti ya wikiendi.